Kila Mtu na MU Yake

"Jirani, hivi hii MU ya chini ya kigoda ina maana gani?"

Aliyeuliza alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, na aliuliza huku amekipindua kigoda kipya magotini kama mtu anayemtafuta mbuzi kupe. Mama Futi alikuwa anafagia vumbi la mbao mlangoni mwa karakana. Siku hizo mumewe alikuwa hai, yuko ndani anapiga randa. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba haina maana yoyote. Angejua yatakayomfika, angesema ni jina la babu mzaa babu, watu wakaridhika wakaenda zao.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Seremala kana kwamba hakuna mwingine, alitaka mhuri wa chuma wa kuchomea alama viti vyake. Wa kuchongesha ulikuwa ghali. Akaenda kwa wauza vyuma chakavu, akakuta kipande cha mhuri wa zamani uliotumika kuchomea makasha. Neno lake lilikuwa refu ila lilikatika, na herufi zilizopona zilikuwa mbili tu, M na U. Akapatana bei, akautia mpini wa mti, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Basi. Hapakuwa na cha babu wala cha siri.

Lakini hebu mwambie mtu kwamba kitu fulani hakina maana, uone atakavyokuganda. Fundi cherehani alisema kwa lugha ya kwao mu ni ndani, kama vile sisi tunavyosema humu, kwa hiyo lazima kuna kitu ndani ya kigoda kile. Akakitikisa sikioni. Kilipokosa kulia akasema kumbe kimefichwa vizuri, akaondoka nacho, na habari akaenda nayo.

Baada yake akaja muuza maziwa, ambaye ujanani aliwahi kupika melini. Yeye alisema kwenye bandari za watu wanaozungumza Kihispania, mu ndiyo sauti ya ng'ombe. Ng'ombe wa kule hata kulia hawalii kama wa kwetu, wanalia mu. Watoto wa mtaa waliomsikia wakafurahi mno, na kuanzia jioni ile hawakuweza kupita mbele ya karakana bila kulia kama ndama walioachishwa kunyonya. Mama Futi aliwafukuza kwa ufagio mpaka akachoka, akawaacha walie.

Dereva wa lori naye, alipokuja kuchukua benchi lake, alisema alifanya kazi na Waturuki kwenye ujenzi wa barabara, na kwao mu wanaibandika mwisho wa maneno wakitaka kuuliza swali.

"Sasa kiti hiki kinauliza," akasema.

"Kinauliza nini?"

"Hapo ndipo sijui, mama."

Seremala alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye mambo hayo yalimfurahisha. Aliyekereka ni mkewe, kwa sababu aliona jambo ambalo mume hakuliona: kila mwenye maana yake alikaa kwenye kiti cha kuuza, akaomba maji ya kunywa, akazungumza mpaka jua likazunguka nyumba, kisha akaaga mikono mitupu. Maana zilikuwa zinamaliza maji ya mtungi.

Na wa kumtia kichaa kabisa alikuwa mtoto wa mdogo wake, Mwalimu, kijana mzuri, mcha Mungu, ila hawezi kuona neno akalipita. Huyo alisoma vitabu, na baadaye alipopata simu akasoma simu. Alikuja siku moja amejaa furaha. "Mama mkubwa, Kichina mu ni mti. Mbao kabisa. Seremala hangeweza kupata alama bora kuliko hiyo." Mama Futi alipumua, akadhani sasa mambo yamekwisha, maana imepatikana na ni ya heshima. Lakini Mwalimu hakujua pa kunyamazia. Akaongeza kwamba kwa Wachina haohao mu ni mama pia, na ni kaburi pia, inategemea unavyoivuta sauti na unavyoiandika. Halafu akasema kwa Wajapani mu ni kutokuwepo kitu. Utupu.

"Mti, mama, kaburi, utupu," Mama Futi alirudia taratibu. "Na ng'ombe. Mwanangu, umeshakula?"

Alimpa chakula ili mdomo upate kazi nyingine.

Sasa ni vizuri ieleweke Seremala alikuwa anautumiaje ule mhuri. Hakuwa akimaliza kiti leo akakichoma alama leo. Kiti kikishapigwa msasa alikiingiza nyumbani, akakiweka kwenye meza ya kulia, na yeye mwenyewe ndiye aliyekikalia wakati wa kula. Alikula huku ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Kiti kikitoa mlio hata mdogo, hata wa panya, alikibomoa kesho yake akaanza upya. Kikinyamaza mlo baada ya mlo mpaka moyo wake ukatulia, ndipo alipotia mhuri kwenye makaa, akakigeuza kiti miguu juu, akakichoma MU pale mtu asipopaona bila kuinama. Wageni wa nyumba ile walizoea kukuta baba mwenye nyumba amekaa kwenye kiti kisicho na rangi, huku wao wamepewa vya zamani.

Na mnunuzi alipokuja, Seremala aliweka kiganja juu ya kiti akasema maneno yaleyale kwa kila mtu, kwa tajiri na kwa maskini: "Kikilegea, kirudishe. Ukiiona hiyo alama, sitakutoza kitu." Hakusema mpaka lini. Mkewe aliwahi kumuuliza, akajibu kwamba mbao nzuri haiulizwi umri. Mama Futi hakuliona kuwa jibu, lakini aliliacha. Katika sala zake aliliweka jambo lile pamoja na mengine ambayo mumewe aliwaahidi watu mbele ya Mungu.

Seremala alipofariki, karakana ilishikwa na mwanawe wa kwanza. Jina la utani alipewa na baba yake, kwa kuwa tangu anaanza kutembea hakukubali kuivua futi ya kupimia shingoni, hata kuogeshwa aliogeshwa nayo. Futi alikuwa na mkono mzuri. Mama yake hakuwa mtu wa kumsema mtoto uongo, kwa ubaya wala kwa uzuri, na alijua kwamba si mvivu. Aliamka mapema, hakunywa, alimheshimu mkewe na aliwalea watoto wake. Ila zama zilikuwa zimebadilika. Watu walitaka vitu vya haraka, vya plaiwudi, vya kung'aa. Futi alivitengeneza na watu wakanunua.

Shida ilikuwa vile vya zamani. Viti vya Seremala havikuvunjika upesi, lakini vilikuwa vingi mno, na vilizeeka wakati mmoja kama watu wa rika moja. Vikaanza kurudi. Leo kiti cha kinyozi, kesho benchi la nyumba ya ibada, keshokutwa kigoda cha mtu aliyehamia mbali ambaye alikileta kwa basi, akakipakata njia nzima. Kuna siku karakana ilifanana na ukumbi wa hospitali, kila aliyemo ana mguu mbovu. Futi mwanzoni alivitengeneza kwa moyo mweupe. Baadaye alivitengeneza huku anapumua kwa nguvu. Mwisho akawa anavisukumia kwenye kona, na wenyewe wakiuliza wanaambiwa wapite wiki ijayo, na wiki ijayo wanaambiwa hivyohivyo. Mama yake aliketi palepale mlangoni, ufagio mkononi, anaona kila kinachoingia na kila kisichotoka. Aliomba Mungu ampe mwanawe subira, kisha akaombea na yake mwenyewe, maana aliiona inapungua.

Kisha akatokea mwenye hoteli. Alikuwa anafungua hoteli mpya karibu na stendi, akataka viti vingi vya aina moja. Mama Futi ndiye aliyempelekea maji siku hiyo, kwa hiyo alisikia kila neno. Mtu yule aliuliza kimo cha kiti, akauliza rangi, akauliza vitakuwa tayari lini. Alipokigeuza kiti cha mfano akaiona alama, mtoto mmoja akapita nje akilia mu, naye akacheka. Hilo tu. Alicheka, akanywa maji, akaondoka.

Lakini kicheko kile Futi alikichukua akakifuga kikanenepa. Baada ya siku chache kilikuwa kimekuwa mtu mzima: mwenye hoteli ameudharau mhuri, mwenye hoteli ana wageni kutoka pande zote za dunia, kila mgeni na lugha yake, huyu akikaa amekalia ng'ombe, huyu amekalia kaburi, huyu amekalia utupu, na aibu yote ni ya karakana. Ikabidi kiitwe kikao cha familia.

Walikutana karakana siku ya mapumziko, mchana, milango wazi kwa sababu ya joto. Alikuwepo baba mdogo wa Futi, mdogo wake marehemu, mpaka rangi nyumba ambaye hata akivaa nguo safi kucha humsaliti. Alikuwepo Mwalimu na simu yake. Futi aliongea vizuri, kwa adabu, akasema hakusudii kumvunjia baba yake heshima, anachotaka ni herufi mpya zisizo na ubaya popote. Baba mdogo akasema yeye hana pingamizi, lakini alama ya mtu aliyelala haibadilishwi mpaka mkewe akubali kwa kinywa chake. Wote wakamgeukia Mama Futi.

Mama Futi alisema kwanza azisikie hizo herufi zenyewe. Hilo ndilo kosa alilolifanya mchana ule.

Baba mdogo alipendekeza KA, mwanzo wa karakana. Mwalimu akachungulia simu, akakunja uso. Kijapani, ka ni mbu. Baba mdogo akasema basi SU, inateleza mdomoni. Kituruki ni maji, akasema Mwalimu, na mbao na maji wamegombana tangu zamani. PA je? Wareno wanaita hivyo sepetu. Baba mdogo, ambaye sasa jasho lilimtoka kama aliyepewa ukuta mrefu, akasema TU, hakuna mwenye neno na TU. Mwalimu akasikitika kweli. Kifaransa tu ni wewe, lakini ni wewe ya kumwambia mtoto au rafiki, humwambii mtu mzima usiyemjua.

"Unataka kuniambia kiti kitamkosea mgeni adabu?" baba mdogo aliuliza.

"Kwa Mfaransa, ndiyo, baba mdogo. Kidogo."

"Basi asimame."

Mama Futi alishika tama. Kichwa kilimgonga upande mmoja. Dunia ina watu wangapi, aliwaza, na wote wana midomo, na midomo haikai bure. Kila herufi mbili utakazookota, kuna mtu mahali fulani zimeshamtoka kinywani akimaanisha sepetu. Ukitaka neno lisilo na ubaya popote utachoma kiti alama ya kimya. Alitaka kuyasema hayo, akaona yatamzalia Mwalimu maswali, akayameza.

Hata hivyo macho yake hayakuwa yamelala. Katika vurugu ile aligundua jambo. Mwenye haja ya herufi mpya ni Futi, na Futi hakuwa anachagua. Mbu alikubali, maji alikubali, sepetu alikubali. Kila iliyotajwa aliitikia kwa kichwa, hata kabla Mwalimu hajaikataa. Mtu anayetafuta jina la mtoto hafanyi vile. Alimtazama mwanawe, akajiuliza anachokitafuta hasa ni nini, kwa maana si herufi zenyewe.

Jibu liliingia kwa mguu. Mkunga mstaafu wa zahanati, bibi mfupi aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa, na Futi mwenyewe akiwemo, alifika mlangoni amejitwisha kiti kichwani. Akakitua, akawasalimu wote kwa zamu, akaomba radhi kwa kuingilia mazungumzo ya watu. Kiti kilikuwa cha mumewe, ambaye sasa hawezi tena kulala chali kwa sababu ya kifua. Usiku na mchana anaupitisha amekaa. Mguu wa nyuma umelegea, jana nusura kimwangushe mzee chini.

Futi aliinuka, akamshika mkono kwa heshima. Akasema kwa sauti laini, sauti aliyokuwa ameshaiandaa: "Bibi yangu, alama hiyo tumeiacha. Sasa tunakuja na nyingine. Vya alama ya zamani hatutengenezi tena, labda kwa kulipia, na foleni ni ndefu."

Hapo Mama Futi akaelewa. Akaelewa yote, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mbu, maji, sepetu, Wachina na Wajapani, yote yalikuwa pazia. Alama ikibadilika, ahadi inabaki upande wa pili wa ukuta pamoja na aliyeitoa.

Mwalimu, naye masikini hakuona kitu, alimgeukia mgeni kwa uso mkunjufu. "Bibi, kwa lugha ya kwenu mu maana yake nini?"

Mkunga alifikiri, kwa kuwa ni mtu anayejibu anachoulizwa. "Sijui, mwanangu. Mimi nilikigeuza, nikaona ipo, nikaja."

Baba mdogo alianza kukwangua rangi kwenye ukucha. Mama Futi alimwomba Mungu, kimoyomoyo, ulimi wake usimtangulie.

"Futi," alisema, "hiyo alama mpya ikishakuja, viti vya MU vitatengenezwa na nani?"

"Mama, tuzungumze baadaye."

"Bibi yako anasubiri. Tuzungumze sasa."

Futi alivua futi shingoni, akaikunja, akaikunjua. Alipoongea hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza mama yake zaidi kuliko angefoka. Alisema anaamka alfajiri anatengeneza viti alivyovitengeneza mtu mwingine, mchana anatengeneza viti alivyovitengeneza mtu mwingine, na vya kwake mwenyewe vinasubiri. Alisema wanawe wanakula plaiwudi, hawali MU. Alisema hata gundi haikubali kusifiwa, inataka kununuliwa. "Baba aliahidi, mama. Mimi nilikuwa mtoto, sikuahidi. Hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia aweke mwaka, watu wote wanaweka mwaka. Sasa yeye amepumzika, na mimi ndiye ninayekirudia kiti kimoja mara tatu. Mpaka lini?"

Hakuna aliyeweza kusema ni uongo. Mama Futi mwenyewe hakuweza. Aliyaona mabega ya mwanawe, yalivyoanza kuinama kama ya baba yake kabla ya wakati, na moyo ukamwenda upande wake. Angeombwa msaada angetoa. Angeambiwa mama, nimechoka, tufanyeje, wangekaa wakatafuta njia, hata kwa kuwaomba watu walete mbao zao. Lakini hakuambiwa. Alizungushwa nchi za watu, akaletewa Mfaransa na Mreno, mpaka aseme ndiyo kwa jambo asilolijua, na neno lake hilo liwe kufuli mlangoni mwa watu.

"Ungeniambia umechoka," alisema. "Mtu mzima kuchoka si dhambi. Umeniita hapa unichagulishe mbu na sepetu."

"Mama, mwenye hoteli..."

"Mwenye hoteli nilimpa maji mimi. Alicheka akanyamaza."

Futi akaangalia chini. Mwalimu, kwa kudhani anasaidia, akasema huenda wakapata suluhu, ameona hapa LO, inaonekana haina ubaya, isipokuwa angoje kidogo, mtandao unasuasua. Baba mdogo akamwambia azime kile kitu. Hakukizima.

"Shemeji," baba mdogo akasema kwa upole, "sisi tunangoja neno lako. Unakubali alama ibadilike, au hukubali?"

Mama Futi aliweka ufagio kando, akauegemeza ukutani vizuri usianguke. Alimvutia mkunga kiti kimojawapo cha hoteli, kipya, kinachong'aa, akamwambia akae apumzike, asiondoke. Kisha akakisogelea kile kibovu. Akakunja khanga yake, akaifanya kata, akaiweka kichwani. Wote wakatazama bila kuelewa, kwani tangu afiwe hakuna aliyemwona amejitwisha kitu.

"Pale kwenye mashine ya kusaga kuna seremala," alimwambia mkunga, si wengine. "Nitamlipa mimi. Jioni mzee atakuwa ameketi."

Futi aliinuka ghafla. Kwa seremala yule, njia ni moja, inapita mbele ya duka, mbele ya kinyozi, mbele ya fundi cherehani na wateja wake wote, na mchana ule kila mtu alikuwa nje anatafuta upepo. Mjane wa Seremala, amejitwisha kiti cha Seremala, anakipeleka kwa mtu mwingine, miguu juu, MU inawatazama watu machoni.

"Mama, kiweke chini. Mama. Nitakitengeneza sasa hivi. Leo nitakitengeneza."

Alisikia ile leo. Alingoja kidogo, ameinama, mikono tayari kwenye miguu ya kiti, kama anayempa mtu nafasi ya kuongeza na kesho baada ya ile leo. Futi hakuongeza. Nyuma yake Mwalimu alisema kwa sauti ndogo kwamba sasa imefunguka, LO kwa Kihispania ni kama kusema hicho.

Mama Futi alikiinua kiti, akakiweka sawa juu ya kata, akatoka nacho.